Umeona Nini, Mwanangu?

Mwalimu hakujua kuchora. Naanza na hilo kwa sababu hata mimi lilinichukua muda kuliamini. Mtu aliyewafundisha wenzake namna ya kupanga picha na maandishi kwenye karatasi, yeye mwenyewe akichora kuku unaona kiatu. Watu wake wote walikuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Akimaliza anaitazama kazi yake kwa mbali, anacheka mpaka miwani inashuka puani, halafu anasema, "Mimi si mchoraji jamani. Mimi ni mtu wa kuandaa meza. Chakula leteni nyie."

Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima ambao kazi yao ni kufundisha watu wazima wengine: mabwana shamba, mabwana mifugo, manesi wa zahanati, akina mama viongozi wa vikundi, na kaka mmoja aliyefundisha madereva wa bodaboda sheria za barabarani. Wote hao walitengeneza wenyewe vipeperushi na mabango ya kufundishia, na mengi hayakueleweka. Basi Mwalimu aliwakusanya kila Jumamosi kwenye ukumbi wa usharika hapa Sekei, akawafundisha kitu gani kikae juu, kipi kikubwa, kipi kitolewe kabisa.

Sisi tulikuwa majirani zake. Kati ya nyumba yetu na yake kuna ua wa michongoma, na kwenye ua kuna upenyo nilioutumia tangu niko darasa la tatu. Sasa niko kidato cha tatu na upenyo umekuwa mdogo, inabidi nipite kiubavu.

Mimi siongei. Siyo bubu, ila watu wakinitazama maneno yananikimbia. Darasani nikiambiwa nisome kwa sauti, koo linaziba na wenzangu wanaanza kucheka kabla hata sijafungua mdomo. Mama aliwahi kuniombea kanisani kwa ajili ya hilo. Mwalimu ndiye mtu pekee aliyeona kuwa lina faida. Alimwambia mama, mimi nikiwa hapohapo, "Huyu niachie mimi. Wanaoongea sana wanaangalia kidogo." Hakuniuliza kama nataka. Ndivyo nilivyokuwa mtu wake wa kujaribia.

Jaribio lake lilikuwa hivi. Wanafunzi wakimletea karatasi, ananiita upenyoni. Napita, nasema, "Shikamoo Mwalimu," anajibu, "Marahaba mwanangu, kaa hapo." Anainua karatasi mbele ya uso wangu, anahesabu hadi tano kwa kugonga kidole pajani, halafu anailaza kifuani pake, upande wenye maandishi ndani. Ananitazama.

"Umeona nini?"

Hakuuliza kamwe kama nimeelewa. Alisema, "Ukimuuliza mtu kama ameelewa atakujibu ndiyo, ili aende nyumbani akapike." Kwa hiyo nilisema nilichokiona. Nikisema, "Nimeona mama na ndoo," na karatasi ilihusu kunawa mikono, Mwalimu anamgeukia mwenye karatasi: "Umesikia? Umechora ndoo. Mikono iko wapi?" Nikisema, "Sijaelewa," ndiyo alifurahi kabisa. Alinipa ndizi. "Anayesema hajaelewa amenifanyia kazi. Anayesema ameelewa amenipa salamu tu."

Kwake neno *sijaelewa* halikuwa aibu. Shuleni ukilisema unaambiwa ulikuwa umelala.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo mingi, na alikuwa na ulimi. Jumamosi moja nilimsindikiza ukumbini, bwana shamba mmoja akaleta bango lenye rangi saba, kila mstari na rangi yake, pembeni maua. Mwalimu akalizungusha kwa heshima, akauliza, "Bwana shamba, hii ni harusi?"

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Naona kila mtu kavaa vizuri, ila bibi harusi simuoni."

Ukumbi mzima ulicheka, na yule bwana shamba alicheka pia, lakini nilimwona akilikunja bango lake taratibu sana, likawa dogo, akaliweka ndani ya koti. Wiki iliyofuata hakuja. Mwalimu aliuliza habari zake mara mbili, kisha akanyamaza. Nadhani alijua. Alifundisha watu wamwonee huruma msomaji, ila yeye mwenyewe aliwasahau waandishi.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni nafasi tupu. Alichukia karatasi iliyojaa. Asubuhi zile ambazo mlima Meru umetoka wazi mpaka unaona makorongo, alikuwa ananiita nikiwa na mswaki mdomoni. "Njoo uone mwenzio. Kitu kimoja kikubwa, na pembeni yake hakuna kitu. Hajaandikwa jina wala mshale, na hakuna mtu anayempita bila kumwona." Mlima ukijifunika wingu anasema, "Leo wameweka maelezo."

Sasa ingia sebuleni kwake. Yesu na Maria! Vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na juu ya vitambaa vitambaa vingine. Kalenda za miaka iliyopita hazikutoka ukutani, zilipandiana. Maua ya plastiki, saa mbili zisizokubaliana, kabati la vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kunywea. Siku moja nilijikaza nikamuuliza mbona nyumba yake haina nafasi tupu.  "Mwanangu, karatasi ni ya mgeni, anapita tu. Hapa naishi mimi, na naishi peke yangu." Hakucheka. Nilijuta kuuliza.

Hadithi aliyowasimulia wanafunzi wapya kila mara ilikuwa ya ng'ombe, na aliisimulia kama kosa lake, siyo la mwingine. Yeye na bwana mifugo mmoja walitengeneza bango la ugonjwa wa kupe kwa ajili ya wafugaji wa upande wa magharibi wa mlima. Kwa kuwa Mwalimu hajui kuchora, bwana mifugo alichukua picha ya ng'ombe halisi, akaifuatisha kwa penseli mstari kwa mstari. Akafuatisha kichwa, miguu, mkia. Akafuatisha na sikio, pamoja na mkato wake. Hawakufikiri. Siku ya mkutano wakalitundika: ng'ombe mkubwa, nafasi tupu pande zote, chini maneno matatu, HUYU NI MGONJWA.

 Mzee mmoja kati ya wafugaji akasimama na fimbo yake, akalisogelea bango mpaka pua ikaligusa.

"Huyu ni wangu."

"Hapana mzee, ni mfano tu," bwana mifugo akasema.

"Mfano wenye sikio langu? Hilo sikio tunakata sisi, boma letu. Ng'ombe wangu haumwi." Akawageukia wenzake. "Nani kamwona ng'ombe wangu anaumwa?"

Mkutano wote uliisha kwa mzee yule kuwathibitishia watu kwamba ng'ombe wake wana afya. Kupe hawakutajwa hata mara moja. Mwalimu akimaliza anasema, "Mimi niliona ng'ombe. Wao waliona mwenye ng'ombe. Usichore mbele ya watu ambao hukuwauliza." Kila mtu anacheka. Na mimi nilicheka kila mara, mpaka ilipofika zamu yangu.

Hili sijamwambia mtu, hata mama.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Kulikuwa na karatasi ya kuhifadhi mahindi, ya kikundi cha akina mama wa Olasiti. Picha nne: vuna, kausha, changanya dawa ya unga, funga kwenye magunia. Rasimu ya kwanza nilionyeshwa na ilikuwa na namba, moja mpaka nne. Rasimu ya pili Mwalimu aliondoa namba. Alisema zinachafua. Akapanga picha mbili kushoto, ya kwanza juu na ya pili chini yake, na mbili kulia vilevile, katikati akaacha njia pana nyeupe. Ilikuwa nzuri kweli. Akaniita.

Siku hiyo nilikuwa na joto na njaa na nilitaka kuondoka. Akainua karatasi, akahesabu, akailaza kifuani. "Umeona nini?"

Nilichoona kwa macho yangu ni vuna, halafu dawa, kwa sababu jicho lilikwenda kulia. Lakini mpangilio nilikuwa naujua tayari kutoka rasimu ya kwanza. Nikasema, "Vuna, kausha, dawa, magunia."

"Safi sana mwanangu."

Ikatolewa nakala. Akina mama wa Olasiti wakaisoma kama nilivyoisoma mimi kwanza: wakavuna, wakachanganya dawa kwenye mahindi mabichi, ndipo wakaanika juani. Upepo ukapeperusha dawa. Wakafunga magunia kwa imani. Walipoyafungua, mahindi yalikuwa yamegeuka unga na wadudu wanatembea juu yake.

Mwalimu alikwenda mwenyewe kuomba radhi, na akasema twende wote. Mama mmoja, mwenye nyumba tuliyofikia, alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Kisha akaleta mahindi kwenye ungo, akaweka miguuni mwa Mwalimu, akasema kwa upole tu, "Tulifuata picha, Mwalimu." Hakuna kingine. Heri angetutukana.

 Tulipofika getini kwake, lile geti la bluu, Mwalimu alisema, "Namba niliziondoa mimi." Akafungua geti. Akasimama. "Na wewe ulinipa jibu zuri. Sikuhitaji jibu zuri."

Alikuwa amejua. Nilitaka kusema samahani, koo likaziba. Aliingia ndani. Wiki iliyofuata aliniita upenyoni kama kawaida, karatasi mkononi, na hakulitaja tena jambo lile. Ila tangu siku hiyo kila karatasi iliyotoka kwake ilikuwa na namba, kubwa, nyeusi, mbaya kabisa.

Kiharusi kilimpata msimu huu wa mvua, asubuhi, akiwa anafungua banda la kuku. Mama ndiye aliyemkuta. Alikaa hospitali wiki tatu, na aliporudi mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yote yalikuwa yamekwenda isipokuwa moja. Anasema, "Hivyohivyo." Ukimsalimia, hivyohivyo. Ukimuuliza kama anataka chai, hivyohivyo. Akilia, hivyohivyo. Sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeongea kabisa, na macho yanakutazama yakingoja jibu. Unabaki umeshika kikombe.

Hospitali walitupa karatasi ya maelekezo ya kumtunza mgonjwa nyumbani. Ilikuwa imetolewa nakala ya nakala ya nakala, maandishi madogo kama mbegu za mchicha, na picha ya nne ilikuwa doa jeusi. Mama aliisoma mara tatu. "Hapa wanasema umgeuze kila baada ya nini?" Mwalimu akanyoosha mkono wa kushoto akaichukua. Akaishika mbali na macho. Akafanya uso ule, ule wa harusi isiyo na bibi harusi. Akaweka kidole juu ya lile doa jeusi, akatugeuzia tulione. "Hivyohivyo," akasema kwa hasira. Mama na mimi tulicheka mpaka mama akatoka nje kwenda kulia.

Mpwa wake alikuja kutoka Marangu, Mama Glory, mtoto wa kaka yake. Siwezi kusema ni mtu mbaya. Alimwogesha shangazi yake, alimlisha kwa kijiko, alilala kwenye godoro chini. Lakini ana watoto na shamba, na mama yangu ana duka la vitambaa mjini toka asubuhi mpaka jioni, na mimi niko shule. Kikao kilifanyika pale sebuleni kati ya vitambaa. Ikaamuliwa Mwalimu apelekwe Marangu, kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo, chini ya migomba, akatunzwe na ndugu. Aliyekuwa anaamuliwa alikuwa amekaa palepale. Mama Glory alimshika goti, "Shangazi, tunakurudisha nyumbani, sawa?"

"Hivyohivyo."

"Amekubali," Mama Glory akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua kuwa ile haikuwa ndiyo. Haikuwa hapana pia. Haikuwa kitu. Walikuwa wamemuuliza kama ameelewa.

Nikaamua kumtengenezea karatasi. Nilikuwa na siku nne. Nilifuata kila kitu alichofundisha: karatasi moja, jambo moja. Kushoto nilichora nyumba yake ya Sekei yenye geti la bluu, na banda la kuku. Kulia nilichora nyumba ya kihamba, migomba na watu watatu mlangoni. Picha kubwa, mistari minene, katikati nafasi tupu. Mimi najua kuchora. Nilirudia mara sita. Nilimwonyesha mama, nikahesabu tano, nikaigeuza, na mama akasema, "Hapa au kule." Nilijisikia vizuri sana. Naona aibu kusema, lakini nilijisikia vizuri.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa tayari nje, vitu vyake vimefungwa kwenye shuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevalishwa kanga mbili zisizofanana na kofia ya sufu. Nikapita upenyoni kiubavu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Hivyohivyo," alijibu, na hiyo niliielewa.

Nikamwekea karatasi mapajani. Mama Glory na mama wakaja kusimama nyuma ya kiti. Nilihisi wananitazama, lakini nikasema, "Mwalimu, unataka wapi?"

Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Aliitazama kazi yangu muda mrefu, na nilidhani namwona akiipenda. Kisha akaweka kidole cha kushoto katikati, kwenye nafasi tupu, akakiacha hapo.

"Unaona?" Mama Glory akasema. "Popote ni sawa kwake."

"Hapana bwana," mama akasema, "anakataa kote."

Mimi niliwaza pengine ananiambia nimeiacha nafasi vizuri. Ndipo nikakumbuka ng'ombe. Nilikuwa nimechora nyumba mbili, sikumuuliza kama swali lenyewe ni nyumba.

Nikaigeuza karatasi upande mweupe, nikampa penseli. Aliishika kwa mkono wa kushoto kama mtoto. Alichora taratibu, ulimi umetoka pembeni. Mstari wa kwenda juu, umepinda. Duara kubwa. Pembeni duara dogo, halafu kitu kama mguu mrefu, au kamba, au njia. Alitoka jasho. Hata alipokuwa mzima, kuku wake alikuwa kiatu.

Alipomaliza aliinua karatasi mbele ya uso wangu.  Kidole cha kugonga paja hakikuwepo, mkono wenyewe ndio huohuo ulioshika karatasi, kwa hiyo akahesabu kwa kichwa, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akailaza kifuani, mchoro kwa ndani. Akanitazama.

"Ni mgomba!" Mama Glory akasema. "Si mgomba ule na ndizi zake? Anataka nyumbani."

 Mama aliniangalia mimi. Wote waliniangalia mimi, kwa sababu miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nasema kimeonekana nini. Kama ningesema ni banda la kuku, wangeniamini. Kama ningesema ni geti, vitu vingetolewa kwenye gari. Nilimtaka abaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Jibu zuri lilikuwa tayari mdomoni, na kwa mara ya kwanza koo halikuziba.

"Sijaelewa, Mwalimu," nikasema.

Alifumba macho. Akatikisa kichwa kukubali, mara mbili. Akaachia karatasi, akanishika kidevu kwa mkono ule wa kushoto wenye vumbi la penseli, halafu akaelekeza kwenye daftari langu. Alitaka karatasi nyingine. Nikachana, nikamwekea. Akaanza upya.

"Jamani, jua linapanda," Mama Glory akasema. Alisema kwa upole. "Dereva ana safari nyingine. Shangazi, utachora ukifika." Akamshika kwapani upande mmoja, mama upande wa pili, wakamwinua. Penseli ikaanguka. Nilishika kiti. Hakuna mtu aliyekuwa anahitaji kiti kishikwe, lakini nilikishika.

Garini alikaa dirishani. Aliongea mpaka kioo kikapandishwa, hivyohivyo, hivyohivyo, ndefu, yenye vituo na maswali ndani yake.

Karatasi zote mbili ninazo. Ile yenye maduara nimeshawaonyesha watu wengi, nikahesabu tano nikaigeuza. Mama ameona sufuria. Kaka wa bodaboda ameona ajali. Msichana ninayekaa naye dawati moja ameona mtu na mtoto wake. Kila mmoja namwambia asante.

Ya pili simwonyeshi mtu. Ina mstari mmoja tu, umeanzia chini kushoto ukapanda kidogo. Pembeni yake hakuna kitu.